Vyungu vya Karama ya Kaka

Mgeni aliponiuliza ni wapi hapa Juba anaweza kuwaona wafinyanzi wakifanya kazi, nilimjibu kabla sijafikiri. Nilikuwa mapokezi, katika nyumba ya wageni kule Thongpiny ninakofanya kazi za asubuhi tangu miguu ilipokataa shamba. Yeye alitoka Kenya, mwanamke wa makamo mwenye karakana yake ya ufinyanzi, na alikuwa amekuja kwa kazi fupi katika ofisi ya jirani. Alinieleza kwamba kila anakosafiri huulizia kwanza watu wanaoshika udongo, mengine baadaye. Nikamwambia wako wengi, nitampeleka mwenyewe.

Kwa kweli nilimjua mmoja tu. Lakini wageni wachache hunizungumzisha kwa Kiswahili, lugha niliyoiokota ukimbizini Uganda kwenye maegesho ya malori, na huyu alikuwa ameisifu. Nilitaka aendelee kunisifu.

Jumamosi tulianza na maduka yaliyo karibu na mahoteli. Katika la kwanza aligeuza bakuli la jiwe, akatazama chini yake, akacheka. "Mzee, hili ni la Kisii. Nadhani tulipanda ndege moja." Mahali pengine, ambapo kibao kilisema ni nyumba ya sanaa, tulikuta picha za ng'ombe ukutani na chumba kilichofungwa. Mlinzi alisema vitu vya udongo vimo humo ndani, ila mwenye ufunguo amesafiri Kampala. Tukaishia Konyokonyo, sokoni, ambako mama mmoja alikuwa amepanga chini vyetezo vya ubani na jabana, yale mabirika madogo ya udongo ya kuchemshia kahawa. Mgeni alimwuliza kupitia kwangu ni nani aliyeyafinyanga. Mama akajibu kwamba yanakuja na lori, yeye anauza tu. Mgeni alinunua jabana moja, akaingiza kidole kwenye mdomo wa birika akitafuta alama za vidole vya mtengenezaji.

Tulipokuwa tunarudi alisema taratibu kwamba Jumatatu anaondoka, na labda safari hii hatamwona mfinyanzi hata mmoja. Hapo ndipo nilipomtaja shemeji yangu wa Rejaf, nje kidogo ya Juba.

Shemeji ni mjane wa kaka yangu mdogo. Wakati huo alikuwa na kazi ambayo haikuhitaji mtazamaji. Katika ukoo wetu, karama ya marehemu, yaani ile siku ya sala na chakula cha kumkumbuka, hunywewa pombe iliyopikwa katika vyungu vipya, na vyungu hivyo hufinyangwa na mjane kwa mikono yake. Ndiyo kazi ya mwisho anayomfanyia mumewe. Ndugu walikuwa wameanza kufunga safari kutoka Uganda, padri alikuwa ameshakubali siku, na vyungu vilikuwa tayari vimefinyangwa, vinangoja kukauka. Mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku. Haya yote niliyajua.

Jumapili baada ya misa tulifika kwake. Vyungu vilikuwa vimepangwa chini ya paa la nyasi, vikubwa, vyenye shingo fupi na mistari aliyoichora kwa gunzi la mahindi. Mgeni alichuchumaa mbele yavyo, kama mtu aliyeingia kanisani akachelewa. Shemeji alifurahi. Alimpa donge la udongo, wakaanza kufinyanga pamoja, kila mmoja akitazama vidole vya mwenzake. Hawakuwa na lugha moja. Shemeji anazungumza Kibari na Kiarabu cha Juba, mgeni Kiswahili na Kiingereza, nami nilikuwa katikati.

Ningeweza kuliacha jambo liishie hapo. Lakini mgeni aliuliza vyungu huchomwaje huku, nami nikaona njia ya kumpa kitu ambacho maduka yote hayakumpa. Nilimwambia shemeji avichome leo, mgeni aone moto.

Shemeji alisema, "Bado vina maji. Vipe wiki moja ya jua."

Nikamgeukia mgeni nikamwambia kwamba mama amekubali, ataviandaa sasa hivi.

Mgeni akasimama, akainua chungu kimoja kwa mikono miwili, akakigusisha shavuni. Akakirudisha polepole. "Mzee, hiki ni baridi. Kina maji bado. Mwambie asichome kwa ajili yangu, mimi nimeshapata nilichotaka."

Shemeji aliniuliza mgeni amesema nini. Nilimjibu kwamba amesema ni vizuri mno, na anatamani sana kuona moto. Aliniuliza tena, "Ni yeye aliyesema hivyo?" Nikasema ni yeye. Mimi ndiye kaka mkubwa wa marehemu, na kwa heshima yetu mjane hawezi kumkatalia shemeji yake mara ya pili, tena mbele ya mgeni. Alifunga kanga yake vizuri akaenda kuleta nyasi.

Mgeni alinitazama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, udongo wa Rejaf ni tofauti na wa Kenya. Akasogea kando. Baadaye nilielewa kwamba aliona haya kumfundisha mwenye nyumba katika ua wake mwenyewe.

Shemeji alitandika magome ya miti na mavi makavu ya ng'ombe, akavipanga vyungu juu yake, akavifunika kwa nyasi, akawasha. Kwa muda moto ulikwenda vizuri, hata nikaanza kueleza. Kisha kikasikika kishindo kidogo, kama bisi ya kwanza ndani ya sufuria. Halafu kikafuata kikubwa, kama ubao uliovunjwa gotini. Vipande viliruka nje ya majivu hadi miguuni petu. Shemeji alisimama na fimbo yake ndefu mkononi, hakuitumia. Hakukuwa na cha kuokoa. Vilipasuka kimoja baada ya kingine, na baada ya kila kimoja tulingoja kinachofuata.

"Ulimwambia nilichosema?" mgeni aliniuliza.

Nikageuza uso kwenye moto. Hakungoja. Alimwendea shemeji, akaushika mkono wake, akaugusisha kwenye shavu lake mwenyewe, akajikunyata kama mtu anayesikia baridi, akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye vigae, kisha kwangu. Shemeji alielewa kabla hajamaliza. Aliniuliza kwa Kiarabu kama mgeni alisema hivyo kabla ya moto. Nikasema ndiyo.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nilijua, na yeye alijua. Wewe peke yako hukujua, na wewe ndiye uliyesema."

Wao wawili waliokota vigae vilipopoa. Nilipoinama kusaidia, shemeji alisogeza kapu upande wa pili.

Karama haikuahirishwa, kwa sababu watu walikuwa njiani. Shemeji alijaribu kufinyanga tena lakini mvua haikumpa nafasi. Pombe ilipikwa katika mapipa ya plastiki ya buluu, yale ya kuwekea maji, nayo ikawa na harufu ya plastiki. Aliniambia neno moja tu juu ya hilo, kwamba wazee wakiuliza, nitawaeleza mimi. Waliuliza. Nilisimama kabla ya chakula nikaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kumtupia mgeni lawama, na bila kuitaja mvua. Binamu yangu mmoja, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema, "Basi ndugu yetu tumemuaga kwa pipa. Bahati yake hakuwa mtu wa kuchagua." Watu walicheka kwa kuwa ni kweli kaka hakuchagua. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameketi na wanawake, mikono imelala mapajani, nami nilijua ni mikono iliyonyimwa kazi yake.

Tangu siku ile sijampeleka mgeni yeyote. Wakiniuliza habari za wafinyanzi huwaelekeza sokoni, nakubali waniite mzee asiyejua kitu.

Yule wa Kenya hajanisahau. Hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, amsalimie mama, aulize kama kiangazi hiki udongo umekauka vizuri. Mimi huupeleka Rejaf. Nausikilizisha, nautafsiri neno kwa neno, sipunguzi hata kikohozi. Shemeji hunisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yote. Kisha huichukua simu mkononi mwangu, akamwita binti yake mkubwa aliyesoma Kenya, akamwambia ausikilize ujumbe tangu mwanzo, amweleze mgeni amesema nini.