Fomu Iliyokaa Droo ya Chini

Asubuhi ya mwisho ya kila safari, foleni ilianza kabla kahawa haijawa tayari. Watu walishuka hadi ghorofa ya tano ya meli wakiwa wameshika karatasi iliyosukumwa chini ya milango ya vyumba vyao, wengine nywele bado zimelowa, wengine na viatu vya kuogea. Kabla mtu hajafungua mdomo, mwanamke wa kaunta ya kwanza alishajua kinachokuja. Kidole kingegonga mstari wa mwisho wa bili, halafu swali: "Hii nayo ni nini?"

Wenzake walimwita Shangazi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na pale kaunta hakuna mwingine aliyefika thelathini. Yeye ndiye aliyewashonea vifungo, aliyewagawia vidonge vya kichefuchefu bahari ikichafuka, na aliyewapa za uso wakichelewa zamu. Hata msimamizi, ambaye kicheo alikuwa juu yake, alijisahau mara moja moja akamwita hivyo hivyo.

Huo ulikuwa mwaka wake wa tisa melini. Miezi minane kazini, miwili nyumbani kwa mama yake na binti yake, kisha anafunga tena begi. Meli yenyewe ilikuwa ya mapumziko, watu elfu mbili wanaokula, wanaoogelea na kucheza muziki, na hakuna aliyelipa kwa fedha mkononi. Siku ya kwanza ulisajili kadi yako ya benki, ukapewa kadi ya chumba. Kadi hiyo ya chumba ndiyo ilifungua mlango, ikanunua juisi, ikamlipa kinyozi. Watu walisahau kabisa kwamba wanatumia fedha, na aliyebuni mpango huo alitaka wasahau.

Meli ilihesabu kila kitu kwa dola. Kama kadi yako ya benki ilikuwa ya sarafu nyingine, kompyuta ya meli iliibadilisha jumla yote kabla ya kukata, ikijichukulia ada ya tatu kwa kila mia. Ungeweza kukataa. Kulikuwa na fomu ya nusu ukurasa. Ukiisaini, meli ilikukata dola zilezile na kazi ya kubadilisha ikafanywa na benki yako, mara nyingi kwa nafuu. Lakini fomu hizo zilikaa droo ya chini kabisa, na agizo lilikuwa moja: mpe anayeomba. Mwisho wa kuomba ulikuwa saa nne usiku wa mwisho. Bili zilisambazwa baada ya hapo.

"Samahani sana, mgeni wetu," Shangazi alisema. "Hiyo ni ada ya kubadilisha fedha. Imeelezwa kwenye kitabu cha safari, ukurasa wa thelathini na nane."

Aliisema sentensi hiyo mara mia kwa asubuhi moja. Ikamganda ulimini. Likizo moja, mama yake aliingia chumbani kumuuliza kwa nini nguo hazijaanikwa, naye akajibu akiwa nusu usingizini, "Samahani sana, mgeni wetu." Mama yake alicheka hadi akakaa chini. Yeye hakucheka. Alijifunika shuka hadi kichwani.

Miguu ilimuuma, ndiyo, na jioni aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi chumbani alimolala na dada wa kaunta ya pili, aliyepewa jina Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa uso. Kuuvaa uso wa kazi saa sita mfululizo, mtu akikuita mwizi mwenye tai, mwingine akikurushia karatasi kifuani, na wewe unatabasamu na kutaja ukurasa wa thelathini na nane. Jioni mashavu yalikufa ganzi. Redio akimsimulia umbea wa jikoni, Shangazi aliitikia kwa macho tu.

Safari moja ya siku saba alikuwemo mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sabini na kitu, anasafiri peke yake kwa mchango wa wanawe. Asubuhi ya mwisho hakupanga foleni. Alikaa kwenye kiti karibu na ngazi, mkoba mapajani, akawatazama waliofoka na walionung'unika mpaka wakaisha. Ndipo akasogea.

"Shikamoo, mama," Shangazi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Shangazi alibabaika. Miaka tisa, hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza hilo. "Bado, mama."

"Basi sitakuweka sana." Mwalimu alifungua daftari la mistari, kila alichonunua kimeandikwa kwa kalamu ya risasi na kujumlishwa chini. Akaliweka kando ya bili. "Nimejumlisha mara tatu. Yangu na yenu hazikutani."

Shangazi alianza ile sentensi yake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama anayemsikiliza mtoto akijibu ubaoni.

"Nimekuelewa, na ukurasa huo nimeusoma asubuhi hii. Sasa, hiyo fomu ya kukataa anapewa nani?"

"Anayeomba."

"Na anayeomba amejuaje kuwa ipo?"

"Imeandikwa kwenye kitabu..."

"Ukurasa wa thelathini na nane, nimekusikia ukiwaambia wote. Wewe umewahi kuusoma?"

"Mara moja, mama. Nilipoajiriwa."

"Ungekuwa mgeni, ungesaini?"

Shangazi alitupa jicho pembeni. Mlango wa msimamizi ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Akashusha sauti. "Ningesaini siku ya kwanza."

Mwalimu hakushangilia. Alifunga daftari lake taratibu. "Ahsante kwa kutonificha. Fedha yenyewe si nyingi. Ila jana niliacha kitambaa cha kichwa dukani kwenu, cha kumpelekea mdogo wangu. Nikasema bajeti imekwisha. Kumbe fedha ya kitambaa ilikuwepo, imekwenda kwenye ada." Akatundika mkoba begani. "Nenda kanywe chai, mwanangu. Uso wako umechoka."

Shangazi hakwenda kunywa chai. Alikwenda choo cha wafanyakazi, akashusha kifuniko, akakaa juu yake dakika tano nzima. Hakulia. Alikaa tu, mikono imelegea mapajani, akijiuliza ni watu wangapi kwa miaka tisa. Alijaribu kuhesabu, akashindwa, akanawa uso, akarudi.

Mchana huohuo wageni wapya walianza kupanda. Shangazi aliinama, akavuta droo ya chini, akatoa furushi lote la fomu na kulitandaza juu ya kaunta, na kalamu kando.

"Kadi yako ni ya sarafu gani?" alimuuliza wa kwanza, baba mmoja aliyebeba mtoto mabegani. "Sawa. Meli inaweza kukubadilishia fedha kwa ada hii hapa, au unaiachia benki yako. Soma mwenyewe, uchague mwenyewe."

Baba akasoma. Akasaini bila kumshusha mtoto. Wa pili akasaini. Wa tatu akasema hataki kusumbuliwa na makaratasi, akaenda zake, na Shangazi akamtakia safari njema.

Redio aliinama upande wake. "Shangazi, umelewa? Unataka kumwaga unga?"

"Nimemdanganya nani? Fomu ni ya kampuni. Kalamu ni ya kampuni."

"Na wewe utakuwa wa kampuni mpaka lini?"

Shangazi alishamwita mgeni wa nne. Baada ya saa moja hivi alihisi mkono ukipita mbele yake. Redio alichota fomu kiasi, akaziweka kwenye kaunta yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusema neno.

Siku ya kulipa, safari hiyo, foleni haikufika hata kwenye ngazi. Waliokuja walikuwa na maswali ya kawaida, begi limepotea, picha haikutoka vizuri. Shangazi alikunywa chai pale kaunta, na chai ilikuwa bado ya moto. Ikawa hivyo safari ya pili, na ya tatu. Uchovu haukumwisha, lakini alianza kumsikia Redio anapoongea, na siku moja alicheka hadi tai ikamlegea kwa kisa cha mpishi aliyejifungia ndani ya jokofu.

Safari ya nne, msimamizi alimwita ofisini. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, na juu ya kabati kulikuwa na ua la plastiki lililojaa vumbi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto aliowajua zaidi kwa simu. Aligeuza kompyuta ili Shangazi aone mstari mwekundu unaoshuka.

"Makao makuu wameuliza," alisema.

"Wameuliza nini, bosi?"

"Kwa nini ada ya meli zingine iko palepale na ya kwetu imeporomoka."

"Waambie wageni wetu wanajua kusoma."

Msimamizi alicheka bila kukusudia, kisha akajisugua macho kwa viganja. "Usinichekeshe, Shangazi. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Miaka tisa naomba msamaha kwa kosa ambalo si langu, na ambalo sahihi moja tu ingelizuia. Wewe hukai pale kaunta. Hujaitwa mwizi na mtu wa umri wa baba yako, ukajiona unashindwa kumbishia."

Mashine za meli zilinguruma chini ya sakafu.

"Zirudishe droo," alisema mwishowe. "Anayeomba, mpe. Asiyeomba, mwache. Nakuomba."

"Nitazirudisha. Lakini mgeni akija kusajili kadi nitamwambia ana njia mbili. Siwezi tena kunyamaza, bosi. Nimejaribu hapa nilipokaa, nimeona siwezi."

"Basi kaunta siwezi kukuacha." Alivuta karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Stoo ya shuka ina nafasi. Posho ya kaunta itaondoka. Kwenye faili nitaandika uhamisho, sitaandika adhabu."

"Na Redio?"

"Redio sijamwona akifanya lolote," msimamizi alisema, macho bado kwenye karatasi. Shangazi alielewa kwamba alikuwa amemwona vizuri sana. Akasema ahsante, akavua beji ya kaunta, akaiacha mezani.

Stoo ya shuka ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo huwezi kujua kama nje ni mchana au kuna mvua. Joto la mashine za kufulia lilipenya ukutani. Kazi ilikuwa kupokea shuka, foronya na taulo kutoka kwa madobi, kukagua zilizotoboka, kuzipanga kwa ghorofa, na kuzikabidhi kwa wanaotandika vyumba. Wiki ya kwanza mgongo ulimkatika. Ya pili alijifunza kuinua kwa magoti.

Meli ilipotia nanga kwenye bandari yenye mtandao, alimpigia binti yake, aliyekuwa kidato cha nne.

"Mama, umeshushwa cheo?"

"Nimehamishwa."

"Ndiyo kushushwa kwenyewe huko."

"Shuka hazinifokei, mwanangu."

"Na shule?"

"Shule utasoma. Ile simu mpya ndiyo itasubiri."

"Haya," binti alisema, akashusha pumzi ndefu kama mama mwenye nyumba. "Uwe unapumzika lakini. Bibi anasema ukija safari hii ukijibu watu usingizini tena atakumwagia maji."

Kule juu fomu zilirudi droo ya chini. Miezi mitano ikapita. Kisha siku moja Redio aliteremka stoo akihema, akakaa juu ya furushi la taulo bila kukaribishwa. Kampuni ilikuwa imebadilisha ukurasa wa kompyuta ambao wageni walisajilia kadi. Sasa mashine yenyewe ilimuuliza mgeni kama anataka meli imbadilishie fedha au benki yake. Maandishi yalikuwa madogo, na swali lilijificha baada ya kurasa mbili za matangazo ya masaji, ila lilikuwepo. Labda wanne katika kumi walilijibu vizuri, wengine walibonyeza tu ili wapite.

"Ni wewe umefanya hivi," Redio alisema.

"Mimi nilihamishwa tu. Huenda kuna watu waliandika barua."

"Shangazi, kubali sifa hata mara moja."

"Nisaidie kuinua hili," Shangazi alisema, akamsukumia ncha ya furushi.

Na huenda kweli barua ziliandikwa. Hakuna aliyejua. Mwalimu wa hesabu hakuonekana tena melini, wala hakuna aliyemtafuta.

Mkataba ulipokaribia kwisha, msimamizi alimtumia ujumbe: nafasi ya kaunta iko wazi, na posho yake, kama yuko tayari kufuata utaratibu. Shangazi aliusoma akiwa amesimama katikati ya rafu. Alifikiria ile simu ya binti yake. Alifikiria paa la nyumba ya mama yake, upande wa jikoni, ambako bati lilikuwa linavuja. Alijiona amesimama tena pale ghorofa ya tano, mashavu yamekaza, na watu wamejipanga. Akaandika: Ahsante bosi, nitabaki na shuka. Akaongeza ombi la mwezi mmoja zaidi wa likizo, bila malipo. Lilikubaliwa.

Alifika nyumbani mchana, akamkumbatia binti yake, ambaye sasa alikuwa amempita kwa kimo, akavua viatu mlangoni na kulala. Alilala siku mbili, akiamka kunywa maji tu. Mama yake aliufunga mlango wa chumba na kwenda mwenyewe kwa jirani kumwomba apunguze muziki.

Siku ya tatu Shangazi alitoka, nywele timutimu, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Mama yake alimtazama kuanzia miguuni hadi juu.

"Utarudi huko?"

"Nitarudi, mama. Ila stoo."

"Mshahara wa stoo ni mdogo, kajukuu kangu kameniambia."

"Ni mdogo kweli."

Mama yake aligeukia jiko, akapakua, akamwekea sahani mbele. Shangazi alikula polepole, akamaliza, akaosha sahani yake mwenyewe, kisha akarudi kulala.