Fundi Aliyekataa Kusingizia Umeme

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Katoro kwamba fundi wetu wa mitandao ya kompyuta amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilihuzunika, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Marehemu alikuwa hawezi kupanda ngazi na waya begani bila kumtania mtu aliye chini, na kumkumbuka kwa uso wa kununa ni kumwonea.

Ngoja niwape kisa. Akina mama wawili walipanga vyumba jirani, mmoja ana duka la dawa, mwenzake anatoa fotokopi na kuwajazia vijana maombi ya vyuo. Walikuwa mashoga wa kushonesha kitenge kimoja. Walipovuta intaneti kwa pamoja, kila mmoja na kifaa chake, yule wa fotokopi alimwambia fundi, "Yangu nifanyie kama ya shoga yangu, usiache kitu." Naye hakuacha kitu. Tangu hapo, wa dawa akipata mtandao, mwenzake anakwama. Wa fotokopi akipata, wa dawa anakosa. Maneno yakaanza. "Ananifungia makusudi, wivu tu huo!" alisema wa dawa. Mwenzake akaanza kutafuta chumba kwingine, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Fundi alipoitwa nilikuwepo, nimekwenda kutoa kopi. Alifungua mipangilio, akatazama, akashika kichwa. Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na namba yake, isiyopaswa kufanana na ya kingine. Si ile anwani ya intaneti, ambayo hubadilika ukihamia mtandao mwingine. Swichi, kile kisanduku kinachogawa waya za jengo, husikiliza namba fulani inaongea kutoka tundu lipi, ikakumbuka, na mzigo wa data wa namba hiyo ikaupeleka tundu hilo. Sasa fundi, katika kunakili mipangilio yote ya kifaa cha wa dawa, alikuwa amenakili na namba, ikafunika ile ya kiwandani. Swichi ikiisikia huku na huku, ilimpa mzigo aliyeongea mwisho. Ni kama usimame gulioni kwetu Usukumani uite "Mama Kulwa!", wakati kila mwenye mapacha ana Kulwa wake.

Kuitengeneza haikuwa kazi. Mwenye jengo akamnong'oneza, "Sema ni umeme, bwana, utakosa kazi mji mzima." Na kweli, Katoro habari hupanda bodaboda. Lakini fundi aliwaita wote wawili barazani, mbele ya wateja. "Mama zangu, hakuna aliyemfungia mwenzake. Ni mimi, nilizipa mashine zenu namba moja. Kama ni kugombana, mgombane na mimi." Wa dawa alishika mdomo. "Mayu wane, mama yangu! Kumbe nimemnunia mwenzangu bure?" Akamgeukia jirani yake, "Njoo ndani, chai ipo." Fundi alipoteza wateja wawili watatu, nasi tulimcheka hadi tukachoka.

Tangu siku ile huwa nawatazama mafundi, maofisa, hata sisi waandishi. Tunajua sana kurekebisha kimyakimya, tukaondoka na heshima zetu. Mashine inafanya kazi, lakini watu tuliowagombanisha wanabaki na kinyongo, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mbaya. Basi ukishalitengeneza kosa lako, usiondoke kwanza. Mtafute aliyelaumiwa kwa ajili yako, umwambie mbele za watu kwamba hakuwa yeye.