Ngome ya Zumbari na Jino la Mdogo Wangu

Mambo yote yale yalitugharimu jogoo mmoja, vikombe viwili vya sukari na urafiki wa miaka minne. Nimehesabu mara mbili, na hapo sijaingiza usingizi wangu, maana usingizi wa mtoto wa miaka kumi hakuna anayeuthamini. Nilikuwa nimeyasahau, au tuseme nilikuwa nimejizoeza kutoyakumbuka, mpaka mwezi uliopita niliporudi Temeke kufuata nguo kwa fundi wangu. Nikakuta vijana wawili kibarazani kwake wanabishana, karibu washikane mashati. Si mpira, si siasa. Wanabishania tamthilia ya kwenye simu, yenye falme na majoka. Mmoja anasema mtoto aliyetabiriwa ni yule aliyekufa, mwenzake anasema hajafa, kwani maiti yake imeonekana wapi?

"Nyie," fundi akawaambia, "hao watu wenyewe hawapo!"

Nikacheka pamoja naye, lakini nikasahau nguo niliyoifuata. Rafiki yangu, mie najua jinsi utabiri wa watu wasiokuwepo unavyoweza kuingia nyumbani kwa watu waliopo.

Nyumba nne kutoka pale kwa fundi palikuwa na duka. Mwenye duka wazee wake walitoka Arabuni, ingawa yeye mwenyewe Arabuni alikuwa hajafika. Alizaliwa hapa hapa na alibishana bei kama sisi. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, redio ikitukumbusha kujitegemea asubuhi na jioni, na vitu madukani vikipungua kimoja kimoja. Lakini yule mzee alikuwa na kitu ambacho hakikupungua: vitabu vinane vya Kiarabu, vyenye majalada mekundu, vya hekaya moja ndefu ya Ngome ya Zumbari. Vyote vilikuwa tisa. Cha tisa ndugu yake alikuwa amletee kwa meli, meli ambayo kila mwezi ilikuwa karibu kufika.

Baada ya alasiri alikaa nyuma ya mizani, akavaa miwani, akatusomea huku akigeuza kwa Kiswahili. Bure? Hakukuwa na cha bure pale. Sie watoto tulikaa chini tumezunguka sinia, tukimchambulia mchele. Bei ilikuwa magunia matatu ya mchele kwa kitabu kimoja. Nilijaribu kumshusha hadi mawili, akaniambia kama naona ghali nikajifunze Kiarabu. Bado naisikia ile sauti ya vijiwe vikidondoka koponi, na harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na karafuu na sabuni ya mche. Palipokuwa na vita, vijiwe vilidondoka haraka. Palipokuwa na jini, havikudondoka kabisa, na yeye akagonga mizani kutukumbusha kazi.

Tukishatoka pale ndipo hadithi ilipoanza hasa. Nani aliiba pete ya malkia? Mwana wa mfalme aliyetumbukia kisimani, alikufa au alitokea upande wa pili? Tulibishana bombani, tulibishana njiani kwenda shule, tulibishana tukifagia. Mshindani wangu mkubwa alikuwa rafiki yangu, binti wa mchonga vinyago, ambaye wazazi wake walitoka kusini na kupanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Siku zote alikuwa na vumbi la mpingo kwenye nywele na jibu mdomoni. Yeye alishikilia kwamba mwana wa mfalme ndiye yule ombaomba wa kitabu cha sita, na ushahidi alikuwa nao: wote wawili wanachechemea mguu wa kushoto. Niliuwaza mguu ule siku tatu, sikupata pa kumpinga, na nilikosa raha.

Kwa hiyo ulipokuja utabiri, nilikuwa na njaa ya kushinda.

Ulikuja mwishoni mwa kitabu cha nane. Mtabiri kipofu anasimama mbele ya mfalme na kusema: "Atakuja mdogo ang'atae kutoka juu, na siku hiyo ngome itaanguka bila kupigwa hata jiwe moja." Hapo mwenye duka akafunga kitabu, kwa sababu mtu alitaka mafuta ya taa robo chupa.

Mmoja akasema huyo ni tai. Mwingine akasema popo. Binti wa mchonga vinyago akasema nyoka wa minazini, na wote wakaitikia, maana alilisema vizuri.

"Si mnyama," nikasema mie. "Ni kigego."

Bibi yangu, mama yake baba, tuliyeishi naye, alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Kwao mtoto anayetangulia kuota meno ya juu kabla ya ya chini alikuwa kigego, na kigego alikuwa mkosi: nyumba aliyozaliwa watu walipukutika mmoja mmoja. Habari hizo alinipa mwenyewe siku moja tukimenya muhogo, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua. Nilipomuuliza hao vigego walifanywaje, akasema, "Zamani hatukungoja jino la pili," akachukua muhogo mwingine.

Haya yote niliyamwaga pale dukani, na lile la jino la pili nikaliweka mwisho. Hakuna kijiwe kilichodondoka. Hata mwenye duka alinitazama juu ya miwani. Nilishinda, na njiani nilitembea kama mwenye viatu vipya.

"Ile ngome," rafiki yangu akasema tulipokaribia nyumbani, "si ina kisima katikati?"

"Inacho."

"Na mlango mmoja, unaotazama kibla?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Nauliza tu." Akasimama mbele ya nyumba yetu. Uani kwetu kulikuwa na kisima cha maji ya chumvi ya kufulia. Mlango wetu ulikuwa mmoja. Wapangaji wote walijua unatazama wapi, maana waliswali wakiwa wameuelekea. "Mdogo wako ameshaota meno?"

"Bado."

"Mh," akasema.

Mdogo wangu alikuwa na miezi kumi na moja na bado kibogoyo. Alicheka na kila mtu, akatuonyesha zile fizi kama mtu asiye na siri. Tangu jioni ile sikupata raha naye. Kila nilipombeba, nilipitisha kidole: chini kwanza, kisha juu, kisha chini tena. Asubuhi kabla ya shule, mchana nikirudi. Mama alishinda kiwandani kwa zamu, baba alikuwa mbali kwenye ujenzi wa reli, kwa hiyo mtoto alikuwa wetu, mie na bibi. Nilimwomba Mungu meno ya chini. Niliahidi kuacha hadithi. Niliahidi kuosha masufuria bila kuambiwa, nikapunguza, nikasema masufuria madogo tu, kisha nikaogopa nikarudisha na makubwa.

Jumatatu moja, saa nane mchana, jua limesimama uani na nguo zote zimekauka, kidole changu kiligusa kitu kama punje ya mchele. Juu. Nikahesabu: moja. Nikatoa kidole nikakifuta, nikarudia: moja. Chini hakuna kitu. Mtoto akanicheka.

Sikupiga kelele. Nilimkalisha mkekani, nikachukua kipande cha muhogo mkavu, nikaanza kumsugua fizi za chini ili nazo zitoe kitu upesi upesi. Akalia. Niliendelea, na mie nikilia, na hivyo ndivyo alivyonikuta binti wa mchonga vinyago. Alichungulia mdomo ule uliokuwa wazi kwa kilio, akarudi nyuma hadi akagusa ukuta.

"Usiseme," nikamwambia.

"Mama amekosa sukari kwenye foleni," akasema. "Vikombe viwili."

Hata katika hofu ile nilimwambia kimoja. Akasema viwili. Nikasema kimoja na nusu. Akamtazama mtoto, akasema viwili. Nilikwenda mara mbili kwenye kopo la mama, na nilipomaliza nikalitikisa ili iliyobaki ionekane nyingi.

Hakuniuza kwa ubaya, siku hizi naamini hivyo. Kesho yake bombani walikuwa wanabishana habari za nyoka wa minazini, na yeye hoja ilimlemea kifuani. "Huyo wa utabiri keshazaliwa," akasema, "na yupo mtaa huu huu." Mama mmoja aliyekuwa anatwika ndoo akaishusha. "Nani huyo?" Hakuna aliyetaja jina. Watoto walinielekezea midomo tu.

Niliporudi nyumbani na maji, habari ilikuwa imeshatangulia. Bibi alikuwa mlangoni, penye mwanga.

"Lete mtoto."

"Amelala, bibi."

"Namsikia anacheka. Lete."

Aliosha kidole, akakifuta kwa kanga, akakitia. Hakukunja uso. "Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Usimwambie."

Jumatano mchana, mama yuko zamu, bibi akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili. Akamkamata jogoo wetu, akamfunga miguu, akamlaza kikapuni. Nilisimama mlangoni.

"Bibi, unampeleka wapi?"

"Kwetu."

"Nichukue mie. Mie mkubwa, nabeba ndoo mbili, mie nina faida."

"Wewe meno yako yote yameshatoka," akasema. "Hufai kwa lolote. Pisha."

"Mtarudi lini?"

"Mie nitarudi Ijumaa."

Nilibaki mlangoni nikilihesabu lile jibu. Mara ya kwanza nilipata mtu mmoja. Mara ya pili nikapata mtu mmoja.

Ijumaa hakurudi. Masika yalikuwa yameanza, na watu wakasema barabara ya Pugu imekatika, mabasi yamelala njiani. Mama alikuwa amekuta kitanda kitupu. Aliambiwa tu kwamba mkwe wake kampeleka mtoto kwa ndugu. Alikuwa bado ananyonyesha jioni. Maziwa yakamjaa, akawa anayakamulia ukutani uani, na mie nikimwona naingia ndani. Jumapili alifunga safari, akarudishwa njiani. Kila jioni aliniuliza, "Bibi yako alisema nini hasa?" na mie nikajibu, "Alisema Ijumaa." Sikulala. Kila upepo ulipotikisa bati nilijua ngome inaanguka, na aliyeiangusha si mtoto. Ni mie na ule ushindi wangu. Kwa mwenye duka sikukanyaga tena. Mchele wake akauchambue mwenyewe.

Siku kumi na moja. Jumapili ya pili mama alikuwa tayari ameshavaa viatu, amesema leo atakwenda hata kwa miguu, bibi akatokea kona ya mtaa, matope hadi magotini. Kikapu kilikuwa kitupu. Mgongoni kulikuwa na kichwa.

Mama alimchukua mtoto, akaingia naye ndani bila kumwamkia mkwe wake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya hapo. Aliponyonyesha akatulia, bibi akaniita.

"Hesabu."

Nikamfungua mtoto mdomo. Mawili juu. Mawili chini.

"Mangapi?"

"Manne."

"Rudia."

"Manne, bibi."

"Lipi lilianza?"

Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, na mdomo umekauka kama wa mtu aliyefunga siku nyingi.

"Sijui," nikasema.

"Basi na mie sijui," akasema, akaenda kunawa miguu. Nilipothubutu kumuuliza jogoo yuko wapi, alijibu, "Kaliwa." Hakusema na nani.

Binti wa mchonga vinyago sikumsemesha tena. Mwaka uliofuata wakahamia Kigamboni. Duka la ushirika lilipofunguliwa, mwenye duka akakosa cha kupima, akafunga, akaondoka na vitabu vyake vinane. Cha tisa hakuna aliyekiona. Hakuna tena kisima pale kwetu, wala ua, wala mtoto anayechambua mchele. Mchele siku hizi unakuja hauna hata kijiwe. Bibi alikufa mie nikiwa msichana, na siku zile kumi na moja hakuzitaja hata mara moja.

Mdogo wangu yu mzima. Ana wajukuu wawili, na binti yake wa kwanza alimpa jina la bibi, kwa kuwa alipendwa na yule mwanamke kuliko sie wote, hilo halina ubishi. Juzi juzi alikwenda msibani Kisarawe. Huko ndugu mmoja mkongwe akamwambia kwamba bibi aliwahi kufika pale kwenye mvua na mtoto mgongoni, akakaa barazani siku mbili, akakataa kuingia ndani, akakataa mtu kumshika mtoto. Wazee wa ukoo walikuja mmoja mmoja kuzungumza naye, na hakumjibu hata mmoja, kisha akaondoka na mtoto, wasijue kwenda wapi. Basi akanipigia simu. "Dada, wewe ulikuwa mkubwa. Bibi alinipeleka kule kufanya nini?" Nikamwambia mtandao mbaya.

Nimekaa na dhana tatu. Ya kwanza, alikwenda kuwatembelea ndugu, mvua ikamzuia. Ya pili, alikwenda kumficha hadi meno ya chini yatoke. Ya tatu, alikwenda kufanya kile alichofundishwa, na alipofika barazani mikono ikakataa kumfungua yule mtoto mgongoni. Ya kwanza naweza kuisema bila kutikisika sauti. Ya tatu ndiyo ninayoiamini, na nikiisema itanibidi niseme pia nani aliyelileta neno kigego katika mtaa ule, na kwa nini.

Ameshasema anakuja Jumapili, baada ya adhuhuri, na safari hii hakuna mtandao wa kusingizia. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa mie ungemwambia ipi? Nishauri, tafadhali, kabla ya Jumapili.