Lebo Chini ya Karatasi ya Maua

Watu huniletea mashine zao za gemu za zamani nyumbani kwangu Jang'ombe, wanataka kujua ni za mwaka gani na zimetoka wapi. Kazi yenyewe si uganga. Unaifungua mashine, unatazama chipu: tarakimu nne, mbili za mwanzo mwaka, mbili za mwisho wiki. Kisha unaigeuza usome lebo ya chini. Ikisema volti mia, ni ya Japani. Ikisema mia mbili na arubaini, ilitengenezwa kuuzwa kwengine. Basi mtu asinambie "fundi, kisia tu". Mimi sikisii, na kubishiwa sipendi.

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alikuja kutoka Mbweni na mfuko. Ndani mlikuwa na mashine ya utotoni mwetu, ile aliyotuletea mjomba, kaka yake mama, enzi zake za ubaharia.

"Mchoma mashine," akanambia, "mgonjwa wako huyu."

Jina hilo nimelibeba miaka thelathini na kitu. Mjomba alisema ameinunua Japani kwa mkono wake, na umeme wa Japani ni mdogo, basi isichomekwe bila transfoma ya kuupunguza wa kwetu. Tukatii. Picha ikawa hafifu, inatetemeka, nasi tukaona ndivyo zilivyo. Siku moja nikachoka, nikaichomeka moja kwa moja ukutani, picha ikang'aa mpaka nikashangaa. Nilicheza hadi alasiri. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine ikatoa moshi. Nilichapwa, na dada akanipa jina.

"Mjomba anaitaka Ijumaa tukienda kula kwake," dada akasema. "Anataka uwaeleze wajukuu zake umri wa mashine na ilikotoka. Tangu miguu imkatae, hadithi za Japani ndizo zinazomtoa kitandani."

Chipu zilikubaliana naye: mwaka uleule aliorudi safari. Chini, mama alikuwa amebandika karatasi ya gundi yenye maua, mashine isije ikamkwaruzia kabati lake. Hakuna aliyewahi kuibandua. Nikaibandua. Volti mia mbili na arubaini, na pembeni stika ya dhamana ya duka la Dubai, kwa Kiarabu.

Nikamsomea dada mara mbili. Mashine haikuhitaji transfoma hata siku moja. Iliuliwa na umeme uliorudi kwa kishindo, si mimi.

"Nshachoka kusingiziwa," nikasema kwa hasira. "Ijumaa namwekea lebo hii mbele yake, pembeni ya sinia la pilau."

"Basi kaseme," dada akajibu. Hakucheka. "Lakini Japani kwenyewe, unadhani alifika?"

Hilo halikuandikwa kwenye lebo.

Ijumaa baada ya sala tukaenda kwa mjomba, Kikwajuni. Karatasi ya maua nilikuwa nimeirudisha kwa gundi, maana kitu cha mama hakitupwi. Nilijiambia nitaibandua mbele ya watu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alikuwa amevaa kanzu mpya, ameketi wima, wajukuu wamemzunguka. Akawasimulia bandari, baridi, na muuzaji aliyemwinamia kwa heshima. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu aanze kuugua. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye fundi. Waambie. Ya wapi hii?"

Ukucha wangu ulikuwa tayari kwenye ncha ya karatasi. Nilimtazama, na mapenzi niliyomwonea saa ile yaliizidi hasira yangu.

"Ya Japani," nikasema. "Na mwaka ni uleule uliorudi wewe, mjomba."

"Si mnaona," akawaambia.

Mjukuu mmoja akauliza, "Sasa mbona ilikufa, babu?"

Dada akafungua mdomo. Nikamuwahi. "Niliichoma mimi. Niliichomeka bila transfoma."

Mjomba akacheka hadi akakohoa, akasema alishanisamehe zamani.

Pilau ikaletwa. Lile paja la kuku ambalo kila Ijumaa hulichukua dada, alilisogeza upande wangu wa sinia.

"Kula, mdogo wangu," akasema.