Uso wa Tamaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikishika udongo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hapa Makunduchi, mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu na mitungi. Mimi nikaona hayo ya kizee. Nikafinyanga sanamu. Yule fisi wa hadithi, aliyetaka njia mbili kwa tamaa akapasuka msamba, nikamgeuza mwanamke: shingo ndefu, mwili mwembamba kama mwiko, mikono yote miwili imezama katika sinia la wali. Uso nikampa wa Bi Mize, jirani yetu, na chunjua lake la shavuni. Maana kila penye harusi Bi Mize alijaza wali kibakulini, akaufunika kwa kanga, akaenda nao kwake.

Nikaiweka sanamu barazani. Watu walicheka, nami nikavimba kichwa. Bi Mize akapita, akaitazama, akaenda zake. Kesho yake kulikuwa na harusi, hakuja.

Bibi akaniita.

"Naam, bibi."

"Ule wali anouchukua Bi Mize, unajua nani anoula?"

Nikamjibu ni yeye mwenyewe.

"Mkwewe. Mwaka wa tatu huu yuko kitandani, mgonjwa. Mize mwenyewe harusini hali hata tonge."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Udongo ulikuwa bado mbichi. Bibi akalowesha kidole gumba, akaupangusa ule uso mpaka ukapotea. "Nyani haoni kundule," akasema. "Tamaa haina uso, mjukuu wangu. Anoitazama ndiye atie wake."

Nikabeba sinia la wali mpaka kwa Bi Mize kuomba radhi. Alilipokea sinia pale mlangoni. Kisha akasema, "Ingia, mwanangu, wali usipoe." Nililia kama mtoto.

Tangu hapo sanamu zangu hazina nyuso. Wageni katika duka la Mji Mkongwe zinakouzwa huziita za kisasa. Mimi hucheka kimoyomoyo, maana usasa wenyewe ni kidole gumba cha bibi.

Sasa nasikia unafinyanga Wivu, na uso umeshamchagulia: wa shoga yako mliyegombana naye. Mwanangu, usiufinyange ubaya wa mtu kabla hujajua wali anampelekea nani. Anza na uso ulio kwenye kioo chako; ukiona haya kuutia, uache mtupu. Mola akulainishie udongo, aupoze ulimi wako, na siku utakapokosea akujaalie jirani wa kukwambia ingia.