Jina Nililopewa Kwenye Ukuta wa Bwawa

Kabla hujacheka, niulize kwanza nilikuwa nimekunywa nini siku ile. Chai. Chai ya asubuhi, nyumbani Bukavu, na kipande cha mkate, basi. Nasema hivi kwa sababu watu wa kwetu ukiwasimulia jambo kama hili wanakutazama machoni wakitafuta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mimi ni karani wa ofisi, si mtu wa kuona vitu. Yaliyonipata Nyangezi yalinipata nikiwa macho kabisa, miguu yangu ndani ya maji baridi, na mashahidi wawili wako hai mpaka leo. Mmoja ni mama mkwe wangu. Wa pili ni binti yangu, ingawa yeye alikuwa mtoto wa mgongoni na hakumbuki kitu.

Mke wangu ni mtu wa Nyangezi. Baba yake sikumkuta. Alikufa kabla sijaanza hata kuposa. Mama yake alibaki peke yake kwenye shamba la migomba, ndani ya kibonde chenye kijito. Mimi, mkwe mwenye mdomo mrefu, nikasema kijito kile kinapita bure: tujenge ukuta wa udongo, tuzuie maji, tufuge samaki. Tukaujenga juu kidogo ya nyumba ya mama. Mashemeji walichimba, wote tukakanyaga udongo kwa miguu, tukicheka. Na kwa kuwa mvua zilikuwa zinakaribia, tukajazia katikati kwa vigogo vya migomba. Kwetu kigogo cha mgomba kiko kila mahali, ni kizito, kinajaza shimo haraka. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Bwawa likapendeza, niamini. Tilapia walizaana, matete yakaota, bata wa porini wakaja, na korongo wenye taji wakawa wanasimama pembeni asubuhi kama wageni wa harusi. Kisha akaja fisi maji, yule mnyama mwenye masharubu, akaanza kula samaki wangu kuanzia wale wanene. Hapo nikakasirika.

Jumamosi moja nikaamua kumvizia. Jumamosi kwetu, Zaïre ya wakati ule, ilikuwa siku ya salongo: kila raia na jembe au ufagio wake, kusafisha barabara, na anayekosa anaweza kulala ndani. Mimi niliikosa. Nilipanda kamyo la mizigo alfajiri nikaenda Nyangezi. Kwa hiyo siku nzima kila sauti ya mtu naona ni wale wa kukamata.

Binti yetu alikuwa huko kwa bibi yake, ameletwa aachishwe ziwa. Nilimsalimu mama mkwe kutoka uani, macho chini, kama inavyotakiwa. Unajua heshima ya mkwe kwetu: huli mbele yake, hukanyagi chumba chake, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Mimi nilimwita Mama, basi. Jina lingine la nini?

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Giza lilipoanza kuingia, na manyunyu bado yanaanguka, nikapanda kwenye bwawa na mkuki wangu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na mdomo wa ukuta. Na juu ya ukuta palikuwa na mtu anayetembea.

Alivaa kabuti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kama wakubwa wa serikali wakati ule. Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri: huyu ni mtu wa serikali, amenifuata kwa ajili ya salongo! Sikujiuliza serikali inawezaje kumtuma mtu Nyangezi, kwenye mvua, kwa karani mmoja. Niliteremka upande wa chini wa ukuta, nikajificha kwenye matete kama chura.

Kutoka pale nikamtazama. Alikuwa anatembea polepole, akikanyaga kwa kisigino, kisha anasimama, anasikiliza, anakanyaga tena. Bata walikuwa karibu naye kabisa. Bata wale hata mbuzi akikohoa wanaruka, lakini yeye aliwapita na hawakugeuza shingo. Na nyuma yake, taratibu kama mbwa wa nyumbani, alifuata fisi maji wangu. Nikajikunyata zaidi kwenye matete.

Akasimama juu yangu hasa. Uso wake sikuuona vizuri.

"Mukwe," akasema, "toka mu matete. Nani anakutafuta weye?"

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mwenye mafua.

"Weka mukono fasi miguu yako iko. Maji iko namna gani?"

Niliweka mkono. Ni hapo nilipogundua kwamba palipo miguu yangu, mahali palipokuwa pakavu siku zote, maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta. Niliyachota kiganjani.

"Iko na udongo, papa," nikasema.

"Basi ukuta iko inaoza ndani. Kimbia ku nyumba. Ule mama hatakufungulia. Akikatala, umuite Kanyunyi."

Kanyunyi, kwa Mashi, lugha ya huko, ni kindege. Nilitaka kuuliza kindege gani, lakini juu ya ukuta hapakuwa na mtu tena. Palikuwa na bata tu. Nilipopita pale mbio, nikatazama udongo uliolowa: nyayo za fisi maji zilikuwepo, za mtu hazikuwepo.

Nilifika mlangoni nikipiga ngumi.

"Mama! Mama, toka na mutoto, maji inakuya!"

"Nani?"

"Ni mimi, mukwe wako!"

"Mukwe?" Sauti ilitoka chumbani, nzito ya usingizi, mama yule alikuwa analala mapema kama kuku. "Saa hii? Nimeshalala. Utasema kesho."

"Ukuta itapasuka, mama!"

"Hiyo ukuta yako! Leo inapasuka, jana samaki wameibiwa. Nimeshavua nguo, mukwe. Kuwa na haya. Enda ulale kule kwa bashemeji bako."

Nilisukuma mlango. Ulikuwa wa mbao ngumu, na ndani alikuwa ameweka gogo la kuuzuia. Huko ndani mwanangu alianza kulia. Nyuma yangu nikasikia kijito kimebadilisha sauti. Hofu niliyoihisi wakati ule sijaihisi tena maishani, na namwomba Mungu nisiihisi.

Basi nikasema. Mama mkwe wangu, nikuambie ukweli, ni mwanamke mkubwa. Mlangoni anapita kwa kuegemea upande. Nikaweka mdomo kwenye ufa nikapaza sauti:

"Kanyunyi! Kanyunyi, toka!"

Mtoto alinyamaza. Kisha nikasikia gogo likianguka chini.

Alitoka na kitenge amekifunga ovyo, mtoto mgongoni, na mkononi mchi wa kutwangia.

"Rudilia!" akasema. "Rudilia vile umesema!"

Sikurudilia. Nilikimbia. Lakini akili kidogo ilibaki: sikukimbilia barabarani, nilipanda mlima. Naye akanifuata, na ule mwili, na mchi wake, akinitukana kwa Mashi ukoo wangu, mtu mmoja mmoja. Tulikuwa tumefika kwenye mahindi pale juu ukuta ulipoachia.

Mlio wake ulikuwa mfupi, kisha maji. Yalipita kwenye migomba, yakachukua jiko, yakachukua ukuta wa chumba na kitanda alichokuwa amelalia. Tulisimama tukiangalia. Mchi ukamtoka mkononi. Mimi nilikaa chini kwenye matope nikacheka na kulia kwa pamoja, nikamgusa mwanangu mguu, nikaugusa tena. Wako hapa. Wote wawili wako hapa.

Mama mkwe akauliza, polepole:

"Hiyo jina, nani amekuambia?"

Nikamweleza.

"Alikuwa na kabuti?"

"Ndiyo, mama."

"Imefungwa mpaka ku shingo?"

"Ndiyo."

"Alikuwaka na baridi kila siku, ule muzee wangu," akasema, naye akakaa chini. "Hata batoto bangu habajue hiyo jina. Alikuwaka ananiita hiyo tu wakati tumeshazima taa."

Asubuhi tulikuta tilapia wametapakaa kwenye nyasi, na kwenye pengo la ukuta vigogo vyetu vya migomba vimeoza, laini kama uji. Fisi maji alikuwa anakula bila haraka. Mkuki wangu ulikuwa ukingoni, hapo hapo nilipoutupa nikikimbia, sikuuokota.

Wajomba wa mke wangu walikutana. Walishukuru, walisali, kisha wakasema mkwe aliyeita jina kama lile mlangoni lazima atoe mbuzi, awe ametumwa na marehemu au hakutumwa. Nikatoa mbuzi. Nilinung'unika kidogo, lakini nilimla pia.

Ukuta tuliujenga upya kwa udongo mtupu, na nyumba ya mama tukaipandisha mlimani. Bata walirudi, korongo walirudi. Fisi maji anachukua samaki wake, simgusi. Na salongo sikukosa tena, maana nikiona kabuti popote nashika jembe langu.

Lakini kuna jambo moja ambalo wajomba hawalijui. Mvua ikinyesha sana na mimi niko Nyangezi, mama mkwe ananiita kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Mukwe, uko pale inje?" Najua anataka nini. Nasimama uani, mgongo wangu kwenye mlango wake kwa heshima, nasema mara moja tu: "Kanyunyi." Nasikia kitanda kikilia anapogeuka, kisha analala.

Kwa hiyo sikiliza. Ukijenga ukuta wa udongo, usiweke kigogo cha mgomba ndani, hata mashemeji wote wakikucheka. Na siku ukitumwa upeleke jina mlangoni kwa mtu, liseme, aibu utaimeza kesho. Mimi mbuzi mmoja alinitosha kuilipia, na mwanangu sasa ana watoto wake.