Nilimponza Mwenzangu kwa Kadi ya Harusi, Leo Ananiita Dada

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi hapa Dar, na siandiki ili nihurumiwe. Kuna mtu akiniita dada nasikia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha nafsi yangu.

Enzi za ruksa zikielekea ukingoni, miaka ya tisini mwanzoni, kompyuta zilipoanza kuingia mjini, nilipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa Gerezani. Nilikuwa napokea flopi, zile diski za kompyuta, za wateja na kuziandaa kabla hazijapelekwa kutolewa filamu, maana chapa yote ilitokana na filamu hiyo. Wateja walituletea uchafu, jamani. Picha zimefifia, rangi hazieleweki, flopi imelala mfukoni na sarafu. Sheria yetu kubwa ilikuwa moja: kabla hujatoa kazi, geuza herufi zote ziwe michoro. Usipogeuza, mashine ya filamu, iliyokuwa ya watu wengine huko Posta, ikikosa herufi zako inaweka za kwake bila kumuuliza mtu.

Siku moja akaja mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kariakoo, anaozesha binti. Kadi upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kigujarati. Akaniambia, "Mama yangu anasoma Kigujarati tu. Anataka kadi ya mjukuu wake asome mwenyewe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kompyuta ilikuwa inageuza zile herufi kwa kujivuta, na mimi nina miadi ya kusukwa. Nikaona ya nini yote hayo. Flopi ikaenda ilivyo.

Filamu iliporudi, ilikuwa zamu ya mwenzangu, nimwite Hamisi, kuilinganisha na karatasi aliyosaini mteja. Akaiweka kwenye meza ya taa, akainama muda mrefu.

"Dada, hizi herufi mikia yake mbona siyo? Uligeuza?"

"Niligeuza. We Kigujarati unakijua?"

"Sikijui."

"Basi peleka ikachapwe."

Akapeleka, kwa sababu aliniamini.

Mzee alirudi na kadi moja mkononi. Hakupiga kelele. Alisema mama yake alivaa miwani, akaanza kusoma mbele ya wageni, akaisogeza karibu na macho, halafu akauliza kama macho yake ndiyo yamekufa. Zilikuwa herufi za Kigujarati kweli, ila za mpangilio mwingine, na hakukuwa na neno hata moja lenye maana.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mzee akiwa bado ofisini kwa bosi, nilikimbilia kompyuta yangu nikageuza zile herufi, nikahifadhi juu ya kazi ya zamani. Mzee alipotoka, nikaingia kwa bosi peke yangu, nikamwita aone kwenye kompyuta kuwa kwangu kuko safi. Nikamwambia nadhani Hamisi aliifungua flopi kabla haijaenda Posta akaichezea. Kisha Hamisi alipoitwa, nikasimama pembeni yake nikajifanya namwombea: "Bosi, msamehe, ni kijana mzuri." Alifukuzwa siku ile ile, na mlangoni akanishika mkono akisema hatasahau nilivyomtetea.

Mpaka leo anaamini walioharibu ni wale wa filamu. Wachapaji wa mjini walikuwa wanajuana, hakuna aliyemchukua tena. Akaishia kuuza vipuri vya magari alivyopanga chini, Gerezani hiyo hiyo, nami napita kila asubuhi nimejipodoa. Nikaanza kumpelekea chakula. Yeye akaona wema. Watoto wake wananiita shangazi, na kila Ramadhani nafuturu kwake, nameza tende na unafiki wangu pamoja. Mkiniita mchawi sitabisha.

Mwezi uliopita alikuja kwangu. Binti yake anaolewa, na huko ukweni kuna mtu kapeleka maneno kwamba baba wa binti alifukuzwa kazi kwa kuharibu mali za watu.

"Dada, kadi tengeneza wewe, simwamini mwingine," akasema. "Na kwenye sendofu ya kumuaga binti usimame uwaambie wakwe zangu kuwa sikuharibu mimi. Wewe ulikuwepo. Mimi nikisema, nani ataniamini?"

Nilimwitikia.

Kadi nimezitengeneza. Herufi zote nimezigeuza, nimekagua mara tatu. Kwenye ratiba kaniandika kwa mkono wake: "Neno la shangazi, shahidi wa baba." Sendofu ni Jumamosi hii. Nikisema walikosea wa filamu, watapiga vigelegele, nami nitapakuliwa pilau meza ya mbele. Nikisema ni mimi, jina lake litasafika, lakini nitakuwa nimemwaga uchafu wangu kwenye shughuli ya mtoto wa watu. Na yeye atajua ni nani aliyekuwa anamlisha miaka yote hii.

Nishaurini, ndugu zangu. Nikipewa kipaza sauti, niseme nini?